Taa ya ABS imegoma kuzima? Pima haya kwanza kabla hujauziwa pampu

Unawasha gari, taa zote za dashibodi zinawaka kama kawaida, kisha zinazima moja moja. Inabaki moja ya njano imeandikwa ABS. Unazima, unawasha tena, bado ipo. Wiki ya pili ipo. Mwezi unakwisha, ipo.

Hapo madereva wengi hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huizoea, maana gari linatembea na breki zinashika. Kundi la pili hukimbilia gereji, huambiwa "pampu ya ABS imekufa", wakalipa hela ndefu, na taa ikabaki vilevile.

Kwa dereva wa Mkumbara, Mombo au Korogwe, kundi lolote kati ya hayo lina hatari yake. Mkumbara ipo kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Same, ambako mabasi na malori ya Moshi na Arusha hayana simile. Jirani hapo Mombo ndipo inapochepuka barabara ya Lushoto kupitia Soni: kama kilomita 32 za kona, kutoka takribani mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400. Ukishuka huko mvua inanyesha, utataka kujua breki zako zina nini na hazina nini.

Habari njema ni kwamba mara nyingi chanzo cha taa hii ni kitu kidogo: uchafu, waya, au beringi. Ila lazima kitafutwe kwa mpangilio.

Taa inasema nini hasa

ABS ni mfumo unaozuia matairi yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutoa kwa ajili ya magari ya kawaida mwaka 1978, ukaanza kufungwa kwenye Mercedes-Benz S-Class. Leo upo kwenye sehemu kubwa ya magari ya mtumba yanayoingia kutoka Japani.

Kila gurudumu lina sensa, yaani kihisi kinachosoma kasi yake. Pembeni yake kuna pete yenye meno, au pete ya sumaku kwenye magari ya karibuni. Kompyuta ya ABS inalinganisha kasi za magurudumu yote manne. Ikiona moja linataka kusimama ghafla wakati mengine yanazunguka, inaliachia na kulibana breki haraka haraka, zaidi ya mara kumi kwa sekunde. Ndiyo maana pedali hutetemeka mguuni. Faida yake kubwa ni kwamba bado unaweza kukata usukani ukakwepa.

Kompyuta hiyo hujipima kila unapowasha gari. Ikikuta kitu hakieleweki, inajitoa kazini na kuwasha taa. Kwa hiyo taa ya njano ya ABS haisemi "huna breki". Inasema: breki za kawaida zipo, lakini msaidizi ameondoka. Ukikanyaga sana kwenye lami yenye maji, tairi zinaweza kujifunga na gari likaenda moja kwa moja hata ukikata usukani.

Njano peke yake si sawa na njano na nyekundu

Hili lishike kichwani.

- Njano ya ABS peke yake: unaweza kuendesha taratibu hadi kwa fundi.
- Njano ya ABS pamoja na nyekundu ya breki: simama mahali salama. Kwanza hakikisha hendibreki imeshushwa. Kisha angalia mafuta ya breki. Kama yamepungua, huenda yanavuja au pedi zimekwisha. Kama yapo sawa, inawezekana mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma umezima, na tairi za nyuma zinaweza kujifunga mapema. Gari la hivyo usilishushe Soni.
- Pedali imekuwa laini au inazama hadi chini: hiyo si habari ya ABS tena. Usiendeshe.

Wakati mwingine taa za VSC, TRC au 4WD huwaka pamoja na ABS, na hata spidomita ikalala. Usiogope kwamba vitu vinne vimekufa kwa pamoja. Mifumo hiyo yote inategemea sensa zilezile za magurudumu. Moja ikikosea, wote wanalalamika.

Taa inawaka saa ngapi? Hiyo ndiyo dalili ya kwanza

Kabla hujafungua hata nati moja, mwangalie mgonjwa. Tumia siku mbili tatu ukizingatia taa inawaka katika hali gani. Ukiwa na abiria, mwambie arekodi dashibodi kwa simu, ila wewe dereva usifanye hivyo gari likitembea.

- Inabaki imewaka tangu unapozungusha ufunguo, gari halijatembea: mara nyingi ni umeme. Waya umekatika, soketi imechomoka, fyuzi imeungua, au sensa imekatika ndani.
- Inazima, kisha inawaka ukishaanza kutembea, tuseme spidi ya 10 hadi 30: kompyuta imegundua kwamba gurudumu moja halitoi taarifa inayoeleweka. Shuku uchafu kwenye sensa, pete iliyopasuka, au beringi iliyolegea.
- Inawaka ukipita kwenye tuta, shimo au ukikata kona kali: waya unavutwa mahali, au beringi ina mchezo.
- Inawaka baada ya mvua au kuoshwa gari: maji yameingia kwenye soketi.
- Inawaka asubuhi gari linapostata kwa shida: pima betri kwanza.
- Taa haijawaka, ila pedali inatetemeka unapokaribia kusimama taratibu kwenye lami kavu: pete imepasuka au sensa imejaa uchafu. Kompyuta inadhani gurudumu limejifunga kumbe linazunguka.

Ukienda gereji na maelezo ya aina hii, umeshampunguzia fundi nusu ya kazi.

Soma namba ya hitilafu, usibahatishe

Kompyuta ya ABS huhifadhi namba inayoeleza imekwama wapi. Shida ni kwamba vile vifaa vidogo vya bei nafuu vya Bluetooth vinavyounganishwa na simu, vingi husoma injini tu. Vikikuambia "hakuna kosa", usiamini kuhusu ABS. Tafuta fundi mwenye mashine inayofungua ukurasa wa ABS, na kabla hajaanza muulize hivyo wazi.

Kwenye Toyota, namba unazoweza kukutana nazo ni hizi. Kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa kiti cha dereva ukitazama mbele:

- C0200: sensa ya mbele kulia
- C0205: sensa ya mbele kushoto
- C0210: sensa ya nyuma kulia
- C0215: sensa ya nyuma kushoto
- C1241: umeme wa betri uko chini
- C1249: waya wa swichi ya taa za breki

Toyota nyingi za zamani kidogo zina njia ya kusoma bila mashine. Fundi huunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi kwa kipande cha waya, kisha hufungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya ABS huanza kupepesa. Ikipepesa mara tatu, ikatulia, kisha mara moja, hiyo ni 31: mbele kulia. Namba 32 ni mbele kushoto, 33 ni nyuma kulia, 34 ni nyuma kushoto, na 41 ni umeme mdogo. Ikipepesa haraka haraka bila kutulia, haina kosa lililohifadhiwa. Kama hujui kuhesabu matundu hayo, usijaribu mwenyewe. Tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na ukikosea unaweza kuunguza fyuzi au kitu kikubwa zaidi.

Jambo la kukumbuka: namba ikitaja "sensa ya mbele kulia" haimaanishi sensa yenyewe imekufa. Inamaanisha taarifa za upande huo hazifiki. Njia nzima kutoka kwenye pete hadi kwenye kompyuta ni mtuhumiwa.

Gurudumu limejulikana. Fuata mpangilio huu

Piga jeki mahali pa bapa, weka kigingi au mawe kwenye magurudumu mengine, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kisha anza na vya bure.

1. Macho. Fuata waya wa sensa kuanzia kwenye gurudumu hadi unapoingia ndani ya bodi. Sehemu inayopinda kila unapokata usukani ndiyo huchoka mapema. Angalia kama klipu zake zipo. Gari likishafanyiwa shokapu au breki, waya mara nyingi huachwa unaning'inia, ukasuguliwa na tairi hadi ukakatika. Gari linalolala karibu na stoo ya mahindi nalo liangaliwe kwa panya, wanatafuna waya.

2. Soketi. Ichomoe, angalia kutu ya kijani au maji. Safisha kwa dawa ya kusafishia soketi za umeme, kausha, rudisha mpaka isikike "tak".

3. Sensa na pete. Huku kwetu barabara za ndani ni vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, iwe mashamba ya mkonge ya Korogwe au njia za vijijini Handeni. Vumbi hilo likichanganyika na chembe za chuma zinazotoka kwenye breki, hunata kwenye ncha ya sensa kwa sababu ina sumaku. Sensa ikitoka kwa urahisi, ifute kwa kitambaa na brashi laini. Ikigoma, usiigonge kwa nyundo. Inavunjika ndani, na hapo umetengeneza tatizo jipya. Kutu inayoota pale inapokaa nayo huisukuma mbali na pete, ikashindwa kusoma. Hesabu pia meno ya pete kwa macho: lililovunjika au ufa mmoja unatosha kuwasha taa.

4. Beringi. Shika tairi juu na chini, litikise. Kisha lizungushe na usikilize. Likicheza au likinguruma, beringi imechoka, na umbali kati ya sensa na pete unabadilika kila mzunguko. Hapo ukinunua sensa mpya umetupa hela.

5. Mita. Kwenye sensa za zamani zenye koili, fundi hupima ukinzani kwa mita. Nyingi husoma kati ya ohm 800 na 2,000, lakini kipimo kizuri zaidi ni kulinganisha na sensa ya upande wa pili. Moja ikisoma 1,100 na nyingine haisomi kabisa, jibu limepatikana. Akizungusha gurudumu kwa mkono, mita ikiwa kwenye volti za AC, lazima aone volti ndogo zikipanda na kushuka. Sensa za karibuni zinazotumia umeme hazipimwi kwa ohm, zinasomwa kwa mashine gari likitembea.

6. Kubadilishana. Kama sensa za kulia na kushoto zinafanana na waya unafika, fundi anaweza kuzibadilisha pande. Kosa likihamia upande wa pili, sensa ndiyo mbovu. Likibaki palepale, tafuta kwenye waya, pete au beringi. Kipimo hiki hakigharimu spea yoyote.

Gari lilitoka gereji ndipo taa ikawaka?

Swali hili linaokoa muda mwingi. Zipo kazi tatu ambazo huacha taa ya ABS nyuma yake.

Ya kwanza ni kubadilisha beringi. Beringi nyingi za siku hizi zina pete ya sumaku upande mmoja tu. Ikifungwa kinyume, gurudumu linazunguka vizuri, halina kelele, lakini sensa haioni kitu. Kabla ya kuifunga, fundi asogeze klipu ndogo ya karatasi: upande wa sumaku huivuta kidogo, na upande huo ndio unaotakiwa kuitazama sensa. Pia asiiweke juu ya meza yenye vipande vya chuma.

Ya pili ni kubadilisha ekseli ya mbele au jointi ya CV. Kwenye magari mengi pete ya meno imekaa juu ya jointi hiyo. Ukiwekewa ya gari lisilo na ABS, au yenye idadi tofauti ya meno, taa haitazima hata ukinunua sensa kumi. Weka ya zamani na mpya pamoja, mhesabu meno.

Ya tatu ni matairi. Ukifunga tairi la saizi tofauti, au ukatembea muda mrefu na lile tairi dogo la akiba, gurudumu hilo huzunguka kwa kasi tofauti na wenzake, na kompyuta inaona kosa.

Kumbuka pia kwamba kwenye baadhi ya Toyota ndogo sensa ya nyuma imefungwa pamoja na habu yake. Hapo hununui sensa peke yake, kwa hiyo hakikisha waya na soketi ni vizima kabla ya kukubali kununua habu.

Pampu ilaumiwe lini?

Pampu ya ABS na kompyuta yake huharibika, ila si za kwanza kushukiwa. Kabla ya kukubali kuibadilisha, haya manne yawe yameshafanyika:

- Betri na alteneta vimepimwa. Injini ikiwa inaunguruma, betri isome kama volti 13.5 hadi 14.5.
- Fyuzi zote za ABS, pamoja na zile kubwa za chini ya boneti, zimekaguliwa. Rilei pia.
- Waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi umekaguliwa kutu.
- Namba iliyosomwa inataja mota ya pampu au vali zake, siyo sensa ya gurudumu.

Kama mashine inasema sensa ya nyuma kushoto na fundi anakuambia pampu, mwombe akuonyeshe kwenye kioo. Na kama gari lako ni haibridi, kazi ya pampu mpelekee fundi anayezijua. Mfumo wake wa breki huhifadhi mafuta kwa presha kubwa hata gari likiwa limezimwa.

Unanunua gari? Tazama kama taa inawaka

Wapo wanaotatua tatizo kwa kung'oa balbu, au kuiunganisha na taa ya oili ili zizime pamoja. Mnunuzi anaona dashibodi safi.

Kipimo chake ni sekunde chache. Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya ABS lazima iwake, ikae kama sekunde tatu, izime. Isipowaka kabisa, kuna kitu kimefichwa. Ikizima sekunde ileile inapozima taa ya oili baada ya injini kuwaka, shuku kuunganishwa.

Mpaka ufike kwa fundi

Endesha kama mtu wa gari lisilo na ABS. Ongeza umbali na wa mbele yako, hasa nyuma ya lori. Kanyaga breki mapema na kwa kuongeza kidogo kidogo. Ukisikia tairi zinaburuza, legeza pedali kidogo zizunguke, kisha kanyaga tena.

Ukitoka Lushoto kushuka Mombo, shusha gia tangu juu. Otomatiki weka 2, L au B kulingana na gari lako, uiachie injini ishike. Kamwe usiweke nyutro ili kubana mafuta. Breki zilizokanyagwa mfululizo hupata moto, na mafuta ya breki ya zamani yaliyonyonya unyevu huchemka, pedali ikazama. Hilo hata ABS nzima haiwezi kukusaidia. Mafuta hayo yabadilishwe kama kila miaka miwili, uweke aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, iwe DOT 3 au DOT 4. Usiongeze oili ya injini wala ya usukani, inaharibu mipira yote ya breki.

Tena, kwenye changarawe na vumbi ABS inaweza kuongeza umbali wa kusimama, hata ikiwa nzima. Kazi yake ni kukuachia usukani, kwa hiyo mwendo upunguze mwenyewe.

Maswali manne ya kumuuliza fundi

1. Umesoma namba gani kwenye ABS? Piga picha kioo cha mashine.
2. Umepima waya na soketi, au sensa tu?
3. Beringi ya gurudumu hilo ina mchezo?
4. Ukishabadilisha, utafuta kosa na tutembee nalo pamoja?

Swali la nne ni muhimu. Magari mengi hayazimi taa hadi yatembee zaidi ya spidi ya 20 na kompyuta ijiridhishe. Mengine yanahitaji kosa lifutwe kwa mashine. Taa ikizima kisha ikarudi na namba ileile, kilichobadilishwa hakikuwa chanzo. Dai spea yako ya zamani, rudini hatua ya kwanza ya waya, na usilipie spea nyingine hadi namba hiyo ipate maelezo.